Chumba Ndani ya Mlima wa Chumvi

Tarehe tisa mwezi wa Machi mwaka huu alifariki Mutiso, na pamoja naye nikampoteza mtu wa mwisho aliyejua kulivyokuwa ndani ya mlima wa chumvi. Wanawe walinipigia simu asubuhi, nikiwa naota jua nje ya nyumba yangu hapa Mowlem. Nilisema asante, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kukaa pale pale mpaka jua likahama. Tulimzika kwao Machakos siku ya Jumamosi. Waliniomba niwe mmoja wa wale sita wa kubeba jeneza, wakasema baba yao ndiye aliyetaka hivyo, nami nikakubali bila kuyauliza magoti yangu. Tulipoinama kushika vipini, nilisikia wimbo ukinipanda kooni, wimbo wa kazi wa mwaka 1976, usiofaa kabisa mazishini. Nikauma ulimi. Mchungaji aliona uso wangu akaja kunishika bega, akidhani nimezidiwa na huzuni. Sikumweleza. Baadaye tukapewa chakula, kila mtu na sahani yake na kijiko chake, na wazungumzaji wakamsifu Mutiso mzee wa kanisa, Mutiso mkuu wa stoo aliyestaafu bila doa. Mwaka ninaoujua mimi haukutajwa, kwa hiyo ninauandika.

Mwaka huo tulikuwa vibarua katika ghala moja la Industrial Area lililopokea chumvi kutoka Mombasa. Kazi yetu ilikuwa kushusha magunia kutoka kwenye lori, kuyapanga, na baada ya siku chache kuyapangua tena na kuyapakia kwenye lori jingine. Kila gunia lilikuwa kilo hamsini. Ulichukua gunia tupu, ukasukuma pembe moja ndani ya nyingine likawa kama kofia ndefu inayofunika kichwa na mgongo, ukaingia chini ya mzigo ukiwa nusu kuhani, nusu punda. Kofia hiyo ilisaidia mgongo, lakini haikuzuia chumvi. Chumvi iliingia shingoni, jasho likaiyeyusha, na jioni ngozi ikawaka kama imepakwa pilipili. Mpaka leo nikila nyama choma mtu akanisogezea kile kisahani cha chumvi, shingo yangu inawasha kabla mkono haujafika.

Tulibeba tukiimba, maana bila wimbo watu wawili wanaorusha gunia juu hawajui ni saa gani ya kuachilia. Mmoja aliuliza, wengine wakaitikia. "Huyu ni nani?" "Ni mzito!" "Anaenda wapi?" "Kwake!" "Tumwache njiani?" "Hapana!" Kwenye hilo hapana ndipo gunia lilipopaa. Sasa unaelewa kwa nini niliuma ulimi Machakos.

Mimi na Mutiso tulikuwa tumepanga chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya udongo ya mama mmoja aliyeishi chumba cha mbele na kusikia kila kitu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, tukalala kwa zamu, wiki moja mimi kitandani na yeye sakafuni, wiki ya pili tunabadilishana. Tulikuwa na stovu ya mafuta taa, sufuria mbili, mkebe mmoja wa kubebea chakula, na kijiko kimoja. Kijiko cha pili kilipotea ghalani mwezi wa pili, na naamini kimo ndani ya gunia fulani lililouzwa zamani. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa mahindi. Kwetu tunapika githeri, mahindi mazima na maharagwe. Kwao wanayatwanga kwanza mahindi mpaka ganda litoke, wanaita muthokoi.

"Nyinyi mnakula mahindi na koti lake," Mutiso aliniambia kila wiki. "Mgeni akija kwako hata koti hamumvui."

"Na nyinyi mnamvua mpaka ngozi," nilimjibu. "Huo si upishi, ni wizi wa mabavu."

"Kariuki, tumbo lako ni la ng'ombe."

"Na lako ni la mtoto mchanga. Pika tulale."

Basi tukakubaliana: wiki ya kulala kitandani ndiyo wiki ya kuchagua mahindi. Mama mwenye nyumba alikuwa akisema kwa sauti kutoka chumba cha mbele kwamba amewahi kuwa na wapangaji, mke na mume, waliooana kwa hati, na hawakugombana hivi.

Sasa nieleze chumba kile kingine. Magunia yalipangwa kwa safu, yamefungana pembe, mpaka yakakaribia paa. Huo ndio tuliouita mlima. Na kila mlima uliopangwa na vibarua wa ghala lile ulikuwa na chumba ndani yake. Wazee wa kazi walitufundisha siku ya tatu. Upande wa nyuma, karibu na ukuta, unaacha nafasi ya upana wa magunia mawili, juu unalaza mbao, juu ya mbao unaendelea kupanga kana kwamba hakuna kitu. Kwa mbele unaona ukuta wa chumvi. Kwa nyuma kuna tundu la kuingilia kwa kutambaa, na unaliziba kwa magunia mawili yaliyosimamishwa. Ndani kulikuwa na ubaridi hata mwezi wa Februari, na giza lenye mistari miwili mitatu ya mwanga. Humo ndimo tulimokula chakula cha mchana, mimi na Mutiso, magoti yakigusana, mkebe katikati. Kwa kuwa kijiko kilikuwa kimoja, mazungumzo yetu yalikuwa na utaratibu kuliko bunge: mwenye kijiko anatafuna, asiye nacho anazungumza. Chakula tulikipika bila chumvi kwa makusudi. Gunia lililotoboka pembeni lilitupatia kidogo kila siku, na ninakiri hapa kwamba huo ulikuwa wizi. Langoni mlinzi alitupekua mifuko, soksi na kofia, na sisi tukatoka na chumvi yake tumboni.

Tuliamini kwamba nyapara hakijui chumba hicho. Nyapara wetu alikuwa Mzee Chege, mtu mfupi wa miaka sitini hivi, aliyekuwa amebeba magunia miaka mingi kabla ya kupewa kalamu. Alikuwa ameoa mara ya pili, na mke huyo mpya, Wanjiru, alikuwa amemzalia pacha. Mwaka ule wote Mzee Chege alikuja kazini na macho mekundu, na ukimsalimia alitazama kwanza nyuma yako kana kwamba umekuja na mtoto anayelia.

Siku moja mwezi wa Oktoba tulikuwa ndani ya mlima, zamu ya kijiko ikiwa ya Mutiso, tukasikia viatu vikisimama upande wa pili wa magunia. Vya Mzee Chege vilikuwa vya mpira. Hivi vingine vililia sakafuni, basi vilikuwa vya meneja.

"Chege, ofisi imenipa nafasi moja ya kudumu," meneja alisema. "Mwisho wa mwezi tunaandika mtu mmoja. Wale wengine tunawapunguza."

"Mmoja tu, bwana? Mutiso na Kariuki wanafanya kazi pamoja kama jembe na mpini."

"Basi chagua jembe au mpini. Ijumaa ya mwisho nitapita mwenyewe mchana niwaone. Jioni uniletee jina."

"Na yule mwingine?"

"Yule mwingine atafute kwingine."

Viatu viliondoka. Mutiso alikuwa bado na kijiko mdomoni. Alikitoa polepole, akakifuta kwenye suruali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipa.

"Kula wewe," alisema.

"Bado ni zamu yako."

"La, kula tu, ndugu yangu."

Hapo nikajua mambo yameharibika. Kuandikwa kwa kudumu kulikuwa ndio kila kitu tulichokitaka: kutosimama langoni asubuhi ukinyoosha shingo uonekane, kuwa na buti za kampuni badala ya akala za tairi, kuweza kumwambia mtu wa kwenu kwamba una kazi, si kwamba unatafuta. Nafasi ilikuwa moja, na mwenzangu alikuwa ameisikia kwa sikio lililo karibu na langu.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na adabu ya kutisha. Mutiso alisema githeri si mbaya sana ukiitafuna vizuri. Mimi nikamwambia alale kitandani hata kama si wiki yake, naye akakataa, na mimi nikakataa kukataa kwake, mpaka usiku mmoja sote wawili tukalala sakafuni na kitanda kikabaki kitupu. Mama mwenye nyumba alitugongea akauliza kama kuna mgonjwa, maana hakusikia ugomvi siku nne. Kazini nilipobeba gunia moja yeye alitembea haraka zaidi. Yeye alipotembea haraka, mimi nilikimbia. Niliamka mapema ili nimtangulie langoni, kesho yake akaamka mapema kuliko mimi, na kabla ya mwezi kuisha tulikuwa tukifika mlinzi akiwa bado amejifunika blanketi, akitutukana kwa lugha ya kwao. Mutiso alisadiki kwamba Mzee Chege ataniandika mimi. "Ni wa kwenu," alisema mara moja tu, akiangalia stovu. "Hata mimi ningekuwa yeye ningemwandika wa kwetu." Nami nilimwambia si hivyo, huku moyoni nikiomba iwe hivyo.

Ijumaa yenyewe nilianza vibaya. Akala yangu moja haikuonekana. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya stovu, nje kwa kuku, Mutiso akanisaidia kutafuta kwa bidii, kisha akasema atatangulia ili asichelewe. Niliikuta juu ya boriti, chini ya bati. Nikawalaumu panya wa yule mama, nikakimbia kutoka Majengo mpaka ghalani, nikaingia king'ora kikimalizia kulia.

Asubuhi tulishusha malori mawili. Mchana hatukula pamoja. Kila mmoja alitafuna mkate peke yake, mimi karibu na mizani, yeye sijui wapi. King'ora cha kurudi kazini kilipolia, Mutiso hakuonekana. Nilizunguka nyuma ya mlima, nikaona tundu la chumba liko wazi. Nikainama. Ndani, gizani, mtu alikuwa amejikunja amejifunika gunia mpaka kichwani, kama Mutiso alivyolala sakafuni wiki zake zote, na alikuwa akikoroma.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jina zuri la nilichofanya, na sijalipata. Nilijiambia ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilichukua gunia nikalisimamisha tunduni, nikachukua la pili, kisha nikaendelea kupanga mbele yake safu nzima, kwa ustadi, pembe zikifungana, na kila gunia nililoweka nilifikiri: meneja atakuja, ataona mmoja anafanya kazi na mwingine hayupo. Niliweka magunia ishirini na manne. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Nilipokuwa naweka la mwisho, Mutiso alikuja nyuma yangu na gunia begani, akahema, akaliweka chini.

"Kariuki, Mzee Chege umemwona? Nimetumwa kwa mizani, nimetumwa kwa lori, sasa meneja yuko njiani na mzee hayupo."

Nilimtazama jinsi unavyomtazama mtu uliyemzika. Halafu mlima ukakohoa.

Mutiso akageuza kichwa. Mlima ukakohoa tena, na sauti ya usingizi ikatoka katikati ya chumvi, sauti ya mzee anayejisikitikia: "Wanjiru, washa taa. Hao watoto wamenyamaza kweli?"

Mutiso alinitazama mimi, akatazama magunia, akanitazama tena. Hakupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu viatu vya meneja vilikuwa vimeshaingia ghalani. Na hapo ndipo nilipomwona Mutiso alivyokuwa. Angeweza kunyoosha kidole tu. Nyapara angefukuzwa kwa kulala kazini, mimi ningefukuzwa kwa kumzika, na nafasi ingebaki yake hata bila kushindaniwa. Badala yake alishika gunia upande mmoja, akanionyesha kwa macho nishike upande wa pili, akaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzito!" nikaitikia.

Meneja alisimama akaweka mikono nyuma. Mlima ukakohoa, nasi tukazidisha sauti. Tulirusha gunia, tukalishusha lile lile, tukalirusha tena, maana hatukuwa na jingine karibu na hatukuthubutu kwenda mbali.

"Anaenda wapi?" Mutiso akapaza.

Na mlima ukaitikia, "Kwake!"

Simlaumu Mzee Chege. Mtu aliyeimba wimbo huo miaka yote hiyo hawezi kuusikia akiwa nusu usingizini akanyamaza. Meneja alitazama juu kwenye paa, akatazama pembeni, akasema ghala hili lina mwangwi. Kisha akasema hajaona watu wanaopenda kazi namna hii. Akauliza Chege yuko wapi, Mutiso akamwambia anahesabu magunia ya nyuma, meneja akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka. Sisi tukaendelea kuimba mpaka viatu vikanyamaza.

Kupangua magunia ishirini na manne kulituchukua muda mfupi kuliko kuyapanga. Mzee Chege alitoka akitambaa, mweupe kuanzia nyusi mpaka magotini, akakaa chini, akaomba maji, akanywa mkebe mzima. Kumbe alikijua chumba tangu siku ya kwanza. Alikuwa akilala humo kila tulipotoka sisi, na mara nyingine, alituambia, aliikuta githeri imemwagika akaifagia yeye mwenyewe.

"Nani alifunga?" aliuliza.

"Magunia yaliteleza, mzee," Mutiso alisema.

"Magunia hayatelezi yakafungana pembe."

"Ni mimi," nilisema.

"Ulijua niko ndani?"

"La, mzee. Nilidhani ni Mutiso."

Mutiso alijifuta chumvi mikononi kwa muda mrefu.

"Ulitaka nikae humo mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka meneja aondoke."

"Halafu?"

"Ningekufungulia."

"Na maji ya kunywa?"

"Maji sikuyafikiria."

Akatikisa kichwa. "Na ile akala juu ya boriti," alisema, "ulidhani ilipanda yenyewe?"

Mzee Chege alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayewatazama wale pacha wake. Jioni alipeleka jina la Mutiso ofisini. Aliniita pembeni akanieleza mwenyewe, na sababu yake sijaweza kuipinga hadi leo. "Kariuki, mikono yako ni mizuri," alisema. "Lakini wewe unafunga bila kutazama nani yuko ndani. Na mimi nina watoto wadogo. Ni lazima nilale."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa ajili ya mwenzangu. Sikufurahi. Sikurudi Majengo; nilikwenda kwa binamu yangu Bahati, nikalala huko siku tatu, nikisema nina kikohozi. Jumatatu nikaenda langoni kama kibarua yeyote, nikanyoosha shingo, sikuitwa. Wenzangu walikwenda sokoni Gikomba kutafuta mikokoteni ya kusukuma. Mimi nilibaki nimekaa nje ya ua wa seng'enge, kwa sababu miguu ilizoea kuwa pale.

King'ora cha mchana kilipolia, Mutiso alitoka ghalani. Alikuwa amevaa buti mpya, zilizomzidi, akitembea kama bata. Walioandikwa hawakuruhusiwa kutoka nje kabla ya jioni, basi alikuja mpaka kwenye ua, akakaa chini upande wake, akafungua mkebe. Ilikuwa wiki yake ya kitanda, wiki ya muthokoi. Nilichungulia. Ilikuwa githeri, mahindi na koti lake, na kwa jinsi ilivyoungua chini nilijua kaipika mwenyewe bila kuuliza mtu.

Mkebe haukuweza kupita kwenye seng'enge, kwa hiyo aliusogeza ukagusa waya, akachota, akala, akanipitishia kijiko kwa mpini.

"Haina chumvi," nilisema.

"Nimeandikwa," alisema. "Siibi tena."

Nikachota, nikakivuta kijiko kwangu polepole. Harage moja likaanguka, likakwama kwenye waya. Mutiso akalisukuma kwa kidole, likaja upande wangu.